Geti, Mlango na Kabati: Kulifikia Faili Lako kwenye Seva ya Idara

Walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wa uzamili, karibuni. Nimepewa dakika ishirini kabla ya chai na naona vitumbua vimeshafika, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Wenye flashi mfukoni, nyosheni mikono. (Karibu ukumbi mzima.) Ahsanteni. Na wenye folda ya idara kwenye kompyuta zao, ile draivu Z? (Mikono minne.) Haya, ndiyo maana nimeitwa.

Idara yetu ni ya jiografia, na mafaili yetu si ya kubeba mfukoni. Picha moja ya setilaiti ya Landsat 8 inafunika eneo la kama kilomita 185 kwa 180, na hata ikifungashwa inafika karibu gigabaiti moja. Anayefuatilia mikoko ya delta ya Rufiji kwa miaka kumi anazihitaji kadhaa. Kila mtu akipakua za kwake kwa bando lake, tunalipia kitu kilekile mara ishirini, na muhula ukiisha hakuna ajuaye nakala ipi ndiyo iliyosahihishwa.

Ndiyo maana tuna seva, kompyuta moja inayotunza mafaili ya idara nzima. Sasa, lalamiko ninalolipata ni moja: “Kaka, seva imegoma.” Mara nyingi haijagoma. Ni wewe umekwama njiani, na njia ina vizuizi vitatu: geti la mtaa, mlango wa nyumba, na kabati la ndani. Kila kizuizi kina namba yake ya kosa. Ukinitajia namba, nakujibu kabla sijainuka kitini.

Geti ni mtandao. Namba yake ni 53. Pengine utaiona imeandikwa 0x80070035, ni ileile, maana 35 kwenye mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita ni 53 ya kawaida. Maana yake kompyuta yako haijaiona seva kabisa. Uko kwenye hotspoti ya simu yako badala ya Wi-Fi ya chuo, au umekosea anwani. Anwani kwenye Windows huanza na mikwaju miwili iliyoegemea nyuma, kisha jina la seva, mkwaju mmoja, jina la folda. Wengi mnaandika mikwaju ya kuegemea mbele, tena ndani ya kivinjari, halafu Google inawaletea matangazo ya kuuza seva. Wenye Mac ndio wa mikwaju ya mbele: smb, nukta mbili, mikwaju miwili.

Hiyo SMB ndiyo lugha ambayo Windows huitumia kugawana mafaili. Seva yetu haitumii Windows, inatumia mfumo mwingine uitwao Linux, na lugha hiyo inaizungumza kwa msaada wa programu iitwayo Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell alipokuwa mwanafunzi kule Australia. Alitafuta kwenye orodha ya maneno neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo, akakuta Samba. Ndugu zangu Wasambaa wa Lushoto, hakimiliki hatuna. (Kicheko.)

Mwalimu mmoja aliniomba nifungue geti hili kwa intaneti nzima, afanye kazi akiwa nyumbani. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la toleo la kwanza la SMB, kikafunga kompyuta za watu duniani kote. Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu. Kiraka cha kuliziba tundu hilo Microsoft walikuwa wameshakitoa Machi. Ukiwa nyumbani, washa kwanza VPN ya chuo, ile njia salama ya kuingia mtandao wa chuo ukiwa mbali, kisha endelea kama uliyekaa hapa.

Mlango ni utambulisho. Namba 1326: jina au nywila si sahihi. Hapa kuna mtego. Ukibadilisha nywila kwenye tovuti ya chuo, Windows yako bado imetunza ile ya zamani na inaipeleka kimyakimya kila mara, mpaka akaunti inafungwa. Wewe unaapa hujakosea, na kweli hujakosea. Ingia kwenye hifadhi ya nywila ya Windows, futa ya zamani.

Dada yake huyo ni 1219, huyu anapenda maabara. Ijumaa moja mwanafunzi alinifuata karibu analia, kesho yake anawasilisha. Nywila yake sahihi, mtandao upo. Kumbe aliyemtangulia kwenye kompyuta ile alifungua seva kwa jina lake akaondoka bila kutoka. Windows haikubali kompyuta moja iingie seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Tuliandika “net use * /delete” kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri, tukakubali, akaingia. Sekunde kumi.

Kabati ndilo linalogombanisha watu. Namba 5: umeingia, unajulikana, ila hapa huna ruhusa. Folda ya Masomo wanafunzi mnasoma tu. Ya Utafiti wanaandika waliomo kwenye mradi. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni hili: unalikata faili kwenye folda yako binafsi, unalibandika kwenye Utafiti, wenzako wanaliona jina lakini halifunguki. Wanadhani umewanyima. Kwenye seva yetu faili lililohamishwa huondoka na ruhusa zake za zamani, kama mpangaji anayehama na kufuli lake. Lililonakiliwa ni faili jipya, hupata ruhusa za nyumba mpya. Basi nakili, hakikisha limefunguka, ndipo ufute la kwanza.

Na jamani, shapefile, ile data ya ramani, si faili moja! Kuna .shp, .shx na .dbf, na mara nyingi .prj. Ukibeba .shp peke yake, umebeba michoro ukaacha jedwali la majina ya kata. Usinipigie simu usiku.

La haraka: Word ikikwambia faili limefunguliwa na mtu ambaye yuko likizo, pengine umeme ulikatika akiwa analitumia. Hubaki kijifaili kilichofichwa, jina linaanza na ~$. Mpigie kwanza mwenyewe. Akisema hajalifungua, kifute.

(Swali kutoka nyuma: nikifuta kitu kwa bahati mbaya, si kipo kwenye pipa la taka?)

Hapana, ndugu yangu. Ukifuta kutoka Z, Windows hailipeleki kwenye pipa la kompyuta yako. Limekwenda. Tunachukua nakala rudufu kila usiku, kwa hiyo la jana naweza kukurudishia. Ulichoandika leo asubuhi ukakifuta leo mchana, pole sana.

Haya, fungueni kompyuta, dirisha jeusi. Andikeni “net use Z:”, acheni nafasi, kisha anwani iliyo ubaoni. Mkwaju wa nyuma kwenye kompyuta nyingi uko juu ya Enter. Mwenye 53 ahamie dirishani, ndiko Wi-Fi inakoshika. Wa 1326 na 1219 mlangoni, kwa msaidizi wangu. Wa 5 njooni mbele na jina la mradi wenu. Na yule aliyeingia moja kwa moja, tafadhali, atugawie vitumbua.