Neno Lisafiri Pamoja na Mpira

DADA: Assalamu alaikum, wasikilizaji wetu wa Lamu na popote mlipo. Mwenzangu katika kipindi hiki hufundisha vijana kandanda ufukweni Shela kila jioni, na leo tunazungumzia pasi, chenga na mawasiliano uwanjani. Mwalimu, kwa nini unasisitiza kwamba mambo haya matatu yasitenganishwe?

MWALIMU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Ni kwa sababu mimi mwenyewe niliyatenganisha kwa miaka mingi. Jumatatu tulifanya pasi, Jumatano chenga, na mawasiliano niliyadai kwa kupaza sauti kando ya uwanja, "Semeni! Semeni!", ilhali sikuwa nimemfundisha hata mmoja wao neno la kusema. Siku moja kiungo wangu alipokea mpira akiwa amelipa mgongo lango la wapinzani, akageuka moja kwa moja kwenye miguu ya mpinzani aliyekuwa hatua mbili nyuma yake, tukafungwa. Nilimlaumu mbele ya wenzake. Usiku, nilipoitafakari mechi ile, nilitambua kwamba aliyempa pasi alikuwa akimwona yule mpinzani waziwazi, akanyamaza.

DADA: Kwa hiyo kosa lilikuwa la mtoa pasi?

MWALIMU: Lilikuwa lake, na langu zaidi. Mtoa pasi ndiye anayeona kilicho nyuma ya mpokeaji, basi neno lisafiri pamoja na mpira. Katika viwanja vyetu utasikia "Lete! Lete!" jioni nzima, lakini neno hilo humweleza mwenye mpira jambo moja tu, kwamba mwenzake anautaka. Sisi tumechagua maneno matatu: "mtu", yaani mpinzani yuko mgongoni, "geuka", yaani nafasi ipo, na "rudisha". Nahodha wa jahazi anapobisha, yaani anapogeuza chombo dhidi ya upepo, hatoi hotuba, hutamka neno fupi ambalo mabaharia wote wanalijua tangu bandarini.

DADA: Mtoto wa miaka 12 aliyelelewa kutompandishia sauti aliyemzidi umri, atamwamrishaje kijana wa miaka 16?

MWALIMU: Hapo ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko penginepo. Wadogo walikuwa wakiona hatari na kuimeza, au wakianza kwa "Kaka, samahani", na kabla hawajamaliza mpira umekwisha kuchukuliwa. Nilipowaambia wasione haya, hakuna kilichobadilika. Kilichosaidia ni kuwakalisha wote mchangani na kuwaomba wakubwa watoe ruhusa kwa vinywa vyao wenyewe, kila mmoja amwambie mdogo wake, "Ukiniona hatarini, niite kwa jina langu tupu." Adabu ile haikuvunjwa, kwa sababu mwenye haki ya kuheshimiwa ndiye aliyeruhusu.

DADA: Na mguu wenyewe? Mchanga unauruhusu mpira kwenda?

MWALIMU: Mchanga mkavu hauruhusu. Tunangoja maji yapwe, kisha tunapiga pasi kwenye mchanga mbichi ulioshikana, mguu wa kusimamia ukiwa kando ya mpira na kifundo kimekazwa. Walio chini ya miaka 12 hutumia mpira namba 4, maana ule wa namba 5, ambao kwa sheria huwa na gramu 410 hadi 450, huwalemea. Mchanga mkavu wa juu tunauachia chenga, kwa kuwa hapo mpira haukimbii, na kijana hulazimika kuugusa kila hatua na kubadili mwendo ghafla.

DADA: Lakini mwenye kupiga chenga anahitaji maneno ya nani?

MWALIMU: Ya wenzake wote, dada, na hapo ndipo wanapomtupa. Akishapata mpira hodari wa chenga, wengine hugeuka watazamaji. Yeye macho yake yako kwa beki aliye mbele yake, hivyo aambiwe kama yuko ana kwa ana na beki huyo peke yake, ili ajaribu, au kama wa pili anakuja, ili auachie. Ila neno liwe la wenzao tu. Kumpigia mpinzani kelele za kumhadaa, kama kumwita "niachie" ili auache mpira, ni kosa ambalo mwamuzi anaweza kulitolea kadi ya manjano.

DADA: Mazoezi yenyewe mnayafanyaje?

MWALIMU: Mraba wa mita 8, wanne nje na mmoja katikati. Pasi iliyotoka bila neno, hata kama imefika vizuri, humpeleka mtoaji katikati. Mwanzoni husema neno lolote ili mradi wamesema, kwa hiyo wiki ya pili tunaongeza kwamba neno la uongo nalo ni kosa. Kusi inapovuma kwa nguvu sauti hupotea, na hapo mpokeaji huonyesha kwa mkono mguu anaoutaka. Juzi yule kiungo wangu alimwonyesha mdogo wa kikosi mguu wa kushoto, akapewa pasi huko huko, na mdogo akamwita kwa jina lake tupu, kisha akasema: "Geuka!"