Kitambulisho Mbele ya Damu

Walionisikia kabla ya leo wanajua nitaanzia wapi, nao wanivumilie. Naanzia kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa sababu sijapata mfano mwingine unaoliweka wazi kiasi kile jambo hili, jinsi damu inavyoupokea kila uso inaougusa.

Mgonjwa wa figo amelala, damu inatoka kwa mrija mmoja, inapita kwenye chujio, inarudi kwa mrija mwingine. Kwa miaka mingi chujio hilo lilikuwa la selofani au utando mwingine wa selulosi, jamaa wa karibu wa pamba. Hauna sumu wala kijidudu. Sasa chota damu yake kila baada ya dakika tano, uhesabu nutrofili, zile seli nyeupe zinazotangulia vitani. Kufikia dakika ya 15 zaidi ya nusu hazionekani. Zimetoweka! Endelea kuhesabu: kadiri saa ya kwanza inavyoisha zinarudi, na kipindi kinapomalizika hesabu ni ileile ya mwanzo au imezidi kidogo. Aliyepima mwanzo na mwisho tu ataandika kwenye faili kwamba hakuna kilichotokea.

Zilikwenda wapi? Mwaka 1977 Craddock na wenzake, huko Minnesota, Marekani, walichukua plazma, yaani majimaji ya damu bila seli zake, ya sungura, wakaiacha ikae na selofani, kisha wakamrudishia sungura yuleyule. Seli zake nyeupe zikaporomoka vilevile. Mapafu yalipochunguzwa, mishipa yake ilikuwa imesongamana nutrofili. Naomba mtulie hapa kidogo, maana wengi hupaparika kwenda mbele. Selofani haikuingia mwilini mwa sungura. Kilichoingia ni plazma yake mwenyewe iliyowahi kuigusa selofani. Ule mguso ulitosha kuzalisha kitu cha kuziamrisha nutrofili zijibandike kwenye kuta za mishipa, na kituo cha kwanza baada ya vena ni mapafu.

Kitu hicho ni vipande vya komplementi, lile kundi la protini za kinga zilizomo ndani ya damu, hasa kile tunachokiita C5a, kinachokatwa kutoka protini C5. Sitarudia ngazi zote za komplementi, mmezisoma. Nataka protini moja tu, C3. Katika lita moja ya plazma imo kiasi cha gramu moja, na muda wote, hata sasa hivi mkiwa mmekaa kimya, chache kati yake zinafunguka zenyewe bila kuchokozwa. Ikifunguka, C3 hujishikiza kwenye uso wowote ulio karibu wenye mkono wa kushikia. Haichagui. Inashika bakteria, inashika plastiki, inashika seli ya mwenye damu. Ikishashika, huita nyingine, nazo huita nyingine.

Basi kwa nini hatujaungua wote? Kwa sababu seli zetu zina kitambulisho. Juu yake zimo protini za CD55 na CD59, na sukari zake za pembeni humkaribisha fakta H, protini ya kuzuia inayoelea ndani ya plazma. CD55 na fakta H huvunja kile chombo kinachozidisha C3, na CD59 huzuia tundu la mwisho lisitobolewe. Selofani imejaa mikono ya kushikia lakini haina hata kitambulisho kimoja cha kuzuia. Hapo ndipo shina la maneno yangu yote: kinga hii ya asili iliyomo katika damu haimsubiri adui ajitambulishe. Inashambulia kila uso, halafu inawaachia wenye kitambulisho.

Kuna anayesema moyoni kwamba hayo ni ya wahandisi wa vifaa, yeye ni daktari wa wagonjwa. Haya, tuje kwa mgonjwa. Ndani ya uboho seli mama moja inapata hitilafu katika jeni ya PIGA. Jeni hiyo husaidia kutengeneza nanga ya kuzifunga CD55 na CD59 juu ya seli. Nanga isipokuwepo, seli nyekundu zinazozaliwa zinatoka uchi, na komplementi inazitoboa ndani ya mishipa. Mgonjwa anaamka asubuhi, anaona mkojo wake una rangi ya kola. Hii ni damu yake, seli zake, hakuna mgeni yeyote. Lakini mbele ya C3, seli ile na kipande cha selofani wamesimama katika foleni moja kwa kosa moja. Tangu 2007 tuna ekulizumabu, kingamwili inayoishika C5 isigawanyike, na watu waliokuwa wakiishi kwa kuongezewa damu wamepata nafuu kubwa. Dawa hiyo imezaliwa na elimu hiihii ya komplementi. Kwa hiyo msinigawie mhadhara huu mafungu mawili, la ugonjwa na la vifaa. Ni somo moja.

Pingamizi la pili nalisikia kila mahali: selofani tumeshaiacha, siku hizi tando ni za sintetiki. Ni kweli, nazo zinaiamsha komplementi kidogo zaidi. Kidogo si sifuri. Na hapa ndipo subira yangu huisha, kwa sababu bado nasoma maneno "haina athari kwa damu" yameandikwa kana kwamba ni sifa ya kitu, kama uzito au rangi.

Niliwahi kuletewa ripoti ya mrija mpya. Jedwali safi, kila kipimo kiko sawa. Nikauliza damu iliyotumika iliwekwa kizuia-kuganda gani. Nikajibiwa: EDTA. Jamani! EDTA inanyakua kalsiamu na magnesiamu, na bila hizo komplementi haisogei. Walikuwa wameipa damu usingizi, kisha wakaisifu kwa utulivu wake. Sitreti, kizuia-kuganda kingine, nayo huibana vibaya. Heparini, ya tatu, ikizidi huipunguza pia. Na ukitumia seramu, majimaji yanayobaki damu ikishaganda, umeshaondoa seli na umeshaondoa faibrinojeni, protini ya kugandisha, kwa hiyo nusu ya mazungumzo hutayasikia. EDTA ina mahali pake, nami naitumia kila siku: baada ya jaribio, kuigandisha hali ilipofikia, ili C3a, kipande kinachokatika C3 inapoamshwa, isiendelee kuzaliwa ndani ya tyubu ikisubiri kupimwa. Kuanza nayo ndilo kosa. Tulirudia kazi ile kwa damu mbichi yenye hirudini, ambayo huzuia thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, na kuiacha komplementi macho, tukachota mapema na mara kwa mara. C3a ilipanda tangu dakika za mwanzo. Na angalieni mapovu: hewa ikiachwa ndani ya mrija, uso wa povu nao huiamsha komplementi, utaulaumu mrija bure.

Muda unanikimbia, mfumo wa mguso nitaupitia juu juu. Fakta XII, protini ya plazma, ikikuta uso wenye chaji hasi, kama kioo, huamka, na kutoka hapo njia mbili zinafunguka: kuganda kwa damu, na bradikinini inayolegeza mishipa na kushusha shinikizo. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoziba majeraha, nazo zinashika faibrinojeni iliyojilaza juu ya kifaa. Mifumo hii inaamshana, ndiyo maana anayepima kuganda peke yake, au komplementi peke yake, anaona pembe moja ya chumba. Slaidi za stenti na vali nitaziacha.

La mwisho, visiwa vya kongosho, vile vikundi vya seli vinavyotoa insulini na vinavyopandikizwa kwa wagonjwa wa kisukari. Watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha mwaka 1999 kwamba visiwa vya binadamu vikikutanishwa na damu ya binadamu, damu inavizingira palepale: vinanasa chembe sahani, komplementi inaamka, seli nyeupe zinapenya. Ni tishu ya mtu, ina vitambulisho vyake, ila haijazoea kuelea ndani ya damu, na juu yake imebeba kianzisha-kuganda. Inapodungwa kwenye vena inayopeleka damu kwenye ini, sehemu kubwa hupotea kabla haijatoa insulini ya maana. Mgonjwa mara nyingi huhitaji visiwa vya wafadhili wawili au zaidi, na sababu mojawapo ya kumsubiri yule wa pili ni dakika zile za kwanza ambazo kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa akizipima.