Mtafute Mama Kwanza: Lakabu za Wafaransa wa Quebec

SALMA: Karibuni tena kipindini. Mimi niko Montréal, jimbo la Quebec huku Kanada, kaka yangu Baraka yuko Dar es Salaam. Baraka, jirani yangu huku ni bibi wa miaka sabini na kitu. Miaka miwili nzima anamtafuta babu mmoja asiyeonekana. Jina la ukoo ni Beaulieu. Anarudi nyuma kizazi kwa kizazi, mara akina Beaulieu wanakatika.

BARAKA: Wamekwenda wapi?

SALMA: Hawajakwenda popote. Wameandikwa Hudon! Mzee wao wa kwanza huku aliitwa Pierre Hudon dit Beaulieu. Hilo "dit" maana yake "aitwaye".

BARAKA: Basi hiyo ni lakabu, dada. Kama huku mtu anavyoitwa jina la utani mpaka la kwao linasahaulika.

SALMA: Lakabu hasa. Na nyingi zilitoka jeshini. Mwaka 1665 mfalme wa Ufaransa alileta huku kikosi cha Carignan-Salières, askari kama 1,200. Sasa fikiria kombania imejaa akina Pierre na akina Jean. Kila askari alipewa jina la kuitwa humo. Lafleur, yaani ua. Jolicoeur, mwenye moyo mchangamfu. Sansoucy, asiye na wasiwasi. Tranchemontagne, mkata mlima! Vita vilipotulia, askari kama 400 walibaki, wakapewa ardhi, wakaoa.

BARAKA: Na lakabu zikarithiwa na watoto?

SALMA: Hapo ndipo watafutaji wanapopotea. Ndugu wa tumbo moja, huyu anafunga ndoa kwa jina la ukoo, yule anazikwa kwa lakabu. Si wana wa askari peke yao. Wengine waliitwa kwa kijiji walichotoka. Baadaye kila tawi likashika jina moja. Halafu kati ya 1840 na 1930 watu kama 900,000 wakahamia Marekani, wengi wakafanya kazi viwanda vya nguo. Huko Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King.

BARAKA: Jirani yako alitokaje kwenye fundo hilo?

SALMA: Nilimwambia, bibi, mwache babu, mtafute mkewe. Kwenye madaftari ya parokia za huku, mwanamke huandikwa kwa jina la baba yake tangu ubatizo hadi maziko. Ndoa hailigusi.

BARAKA: Sawasawa na pwani! Mwanaisha binti Ali ataolewa, ataachika, ataolewa tena, bado ni binti Ali.

SALMA: Ndiyo maana lilinijia haraka, nimekulia humo. Tena Quebec, tangu 1981 sheria inasema mke abaki na jina lake la kuzaliwa.

BARAKA: Daftari lenyewe linaandikwaje?

SALMA: Chukua ubatizo mmoja. Padri anaandika siku, jina la mtoto, baba, mama kwa jina lake mwenyewe, halafu baba na mama wa ubatizo. Mwishoni utakuta maneno kwamba wametamka hawajui kutia sahihi. Aliandika nakala mbili, moja ya kanisa, nyingine ya mahakama, kwa hiyo kanisa likiungua, kumbukumbu inabaki. Ila angalia mtego: kwa muda mrefu karibu kila mvulana alibatizwa Joseph na kila msichana Marie, kisha yakafuata majina mengine. Jina la kuitwa nyumbani mara nyingi ndilo la mwisho.

BARAKA: Kwa hiyo ukikuta Joseph sita nyumba moja, usidhani wamekosea.

SALMA: Hata kidogo. Chuo Kikuu cha Montréal kina mradi uitwao PRDH, ulianza 1966, umeunganisha ubatizo, ndoa na maziko ya watu hawa wa zamani. Tulikaa mezani kwake, nikaandika jina la mke wa yule babu, na ndoa ikatokea. Bibi aliweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akanyamaza.

BARAKA: Sasa anajiitaje?

SALMA: Mlangoni bado Beaulieu. Lakini jikoni amebandika karatasi ya ukoo, ameandika kwa mkono wake majina yote mawili, na "dit" katikati.