Lori la Familia na Jina Lililo Kwenye Logibuku

Wazee wangu, kina mama na ndugu zangu wa Changamwe, nawashukuru kwa kunialika jioni hii kuzungumzia jambo ambalo limenishughulisha miaka yote ya kazi yangu ya uhasibu: kodi ya lori linalomilikiwa na familia nzima.

Familia nyingi za hapa Mombasa hununua lori kwa kuchangishana: mama huuza kiwanja, kaka hutoa akiba yake ya kazi za bandarini, na mdogo wao, ambaye hana fedha ila ana leseni, huahidi kuendesha. Siku ya kusajili, logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, huandikwa jina la kaka kwa kuwa yeye ndiye aliyepata nafasi ya kwenda. Nyumbani kila mmoja anajua kwamba lori ni la watatu, lakini Mamlaka ya Mapato ya Kenya husoma kilichoandikwa, na pasipo maandishi mengine mapato yote humwangukia kaka.

Ubia ulioandikishwa hauko hivyo. Wenyewe haulipi kodi ya mapato. Huwa na PIN yake, yaani nambari ya mlipa kodi, huwasilisha ritani yake, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kufikia tarehe 30 Juni ikionyesha faida na jinsi ilivyogawanywa, kisha kila mbia hutozwa kwa fungu lake. Tuseme faida ya mwaka, baada ya gharama zote, ni shilingi 1,200,000. Ikihesabiwa kuwa ya kaka peke yake, kodi yake baada ya nafuu ya binafsi, yaani punguzo la kodi analopewa kila mtu, ni 268,600. Ikigawanywa sawa kwa watatu wasio na mapato mengine, kila mmoja hulipa 28,600, yaani 85,800 kwa jumla. Sharti mgao huo uwe wa kweli, wenye mkataba uliotiwa saini na fedha zinazoonekana zikiingia mikononi mwa kila mmoja. Kuandika jina la mama ambaye hajapata hata senti ni udanganyifu, na mimi sitamsaidia mtu kuufanya. Hesabu hii pia ni ya wale walioomba kwa maandishi kutotozwa kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, ambayo haijali gharama.

Huyu mdogo anayeendesha ndiye huleta utata zaidi. Familia humlipa kila mwezi na kuandika kwenye daftari kuwa ni mshahara, kisha huutoa kama gharama. Kwa mbia, malipo hayo hayawi gharama ya biashara. Ni sehemu ya faida yake, na mkataba uyataje hivyo tangu mwanzo ili ndugu wasije wakagombana. Utingo aliyeajiriwa ni jambo jingine: makato yake na kodi yake hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kuna kodi ya mapema, ambayo wengi huidhania ada iliyokwisha kupotea. Kwa malori ni shilingi 2,500 kwa kila tani ya uwezo wa kubeba kwa mwaka, isipungue 5,000, hivyo lori la tani 10 hulipiwa 25,000. Fedha hizo hupunguzwa kwenye kodi ya mwisho wa mwaka. Nimewaona watu wakilipa mara mbili kwa sababu tu hati ya malipo ilibaki kwenye dashibodi hadi jua likaifuta maandishi.

Nasikitika zaidi kwa habari ya risiti. Ninaletewa mfuko wa plastiki uliojaa vikaratasi vya kaboni vilivyopakaa grisi, tairi mbili hapa, springi pale, na kila kimoja ni gharama halisi iliyotoka mfukoni. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, kwa kawaida haikubaliwi katika hesabu ya kodi. Muuza tairi akikataa kuitoa, tafadhali nunueni kwingine, hata akiwa jirani. Rekodi zote zihifadhiwe kwa miaka 5.

Mauzo yakifika shilingi 5,000,000 kwa mwaka, itabidi kujisajili kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Hilo nitalieleza faraghani kwa wanaohusika.

Utaratibu wenyewe si mrefu: mkataba kwanza, kisha jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha PIN ya ubia, kisha logibuku ilinganishwe na mkataba. Waliokuja na logibuku zao wasogee mezani, tuanze kwa kulisoma jina lililoandikwa humo.