Barua ya Bridget: mirathi katika filamu ya Tom Jones

Ndugu zangu, karibuni. Wengi wanaikumbuka filamu hii ya mwaka 1963 kwa mambo ya chumbani. Mimi leo nataka tuizungumzie barua.

Tom Jones iliongozwa na Tony Richardson kutokana na riwaya ya Henry Fielding ya mwaka 1749, ikapata Oscar 4, pamoja na ile ya filamu bora. Bwana Allworthy, kabaila wa Kiingereza, anarudi kutoka London na kukuta kichanga kitandani mwake. Mtumishi Jenny Jones anatajwa kuwa ndiye mama, anafukuzwa. Mtoto, anayeitwa Tom, analelewa humo humo pamoja na Blifil, mwana wa Bridget, dada yake Allworthy. Blifil amezaliwa ndani ya ndoa, kwa hiyo mrithi ni yeye.

Tom, anayeigizwa na Albert Finney, anakuja kufukuzwa kwa fitina za Blifil. Njiani anamwokoa Bi Waters, na kwenye nyumba ya wageni ya Upton wanakula pamoja: kamba, kuku, chaza, mapeari. Hawasemi neno. Wanatazamana tu huku wakitafuna, na kila mtu anajua usiku utaishia wapi. Halafu, baadaye sana, inajulikana kwamba Bi Waters ndiye yule Jenny Jones, anayedhaniwa kuwa mama yake Tom!

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Fielding. Swali la nani alimzaa Tom sasa ni la urithi na la kitandani kwa pamoja, na jibu lake ni moja. Bridget aliliandika katika barua kwa kaka yake kabla ya kufa. Blifil akaipokea, akaificha. Tom ni mwana wa Bridget. Aliyemdhulumu ni ndugu yake wa tumbo moja.

Lakini angalieni sheria. Barua ile haikumpa Tom haki yoyote: mtoto wa nje ya ndoa hakurithi kwa sheria ya Uingereza ya karne ile, mama awe nani. Iliyobaki ni hiari ya mjomba na wosia wake. Mpaka mwaka 1969, miaka 6 baada ya filamu, ndipo mtoto kama huyo alipopewa haki ya kuwarithi wazazi wake hata pasipo wosia. Kwa hiyo tutakapoitazama baada ya mapumziko, msimwangalie Tom peke yake. Mwangalieni Blifil anapokabidhiwa barua.