Daktari Anapoingia Depo

Madaktari, wauguzi, wafamasia, ndugu zangu mnaojiandaa kuingia depo, kambi ya mafunzo ya jeshi, nawasalimu.

Nianze na buti. Katika kila kozi niliyofundisha, wa kwanza kukaa pembeni ya gwaride walikuwa wale waliovaa buti mpya siku ya kuripoti. Malengelenge hayajali shahada. Vaeni zenu kuanzia leo, tembeeni nazo mpaka ngozi ilainike.

Kozi yenu ni fupi. Kule Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi la Uingereza, ofisa wa kawaida hukaa wiki 44, ila daktari hukaa sehemu ndogo tu ya muda huo. Pale Newport, Marekani, jeshi la majini huwapa wataalamu wa afya wiki 5. Taaluma mnayo tayari. Jeshi linataka muwe maofisa. Kwa hiyo mtapewa kwata, ramani, shabaha, sheria za kijeshi na uandishi wa ripoti vikiwa vimebanana. Usingizi utakuwa haba, lakini nyinyi mmeshakesha zamu nyingi. Hilo mtalimudu.

Kitakachowauma zaidi ni kufokewa. Mkufunzi wenu wa kwata huenda ni sajenti ambaye hakusoma nusu ya mlichosoma, na atawasimamisha jua kali kwa sababu ya shuka iliyotandikwa ovyo. Daktari aliyezoea wodi nzima kumsikiliza huona amedharauliwa. Mimi nilijibizana na sajenti wangu wiki ya kwanza. Adhabu ikaangukia platuni nzima. Nilikimbia nikiwasikia wenzangu wakihema nyuma yangu, na hakuna aliyenilaumu, jambo lililoniumiza kuliko matusi. Tangu siku ile kitanda changu kilinyooka.

Basi mkitunukiwa kamisheni, yaani mkifanywa maofisa rasmi, wengi wenu mtavishwa cheo ambacho maofisa wengine hukisotea miaka. Sajenti yuleyule atawapigia saluti. Itikieni vizuri, kisha mkae naye mumuulize kazi inavyokwenda, maana yeye anawajua askari na nyinyi bado.

Sasa zoezi la majeruhi. Kuna moshi, kelele, giza, na wenzenu wamelala chini wakiigiza. Nakumbuka daktari mmoja wa upasuaji, hodari kweli, alimkimbilia aliyekuwa akipiga mayowe. Akamfunga mguu kwa mikono mizuri kabisa. Hatua nne kutoka pale alilala mwingine kimya, suruali imelowa damu bandia hadi gotini. Mkufunzi akainama, akasema taratibu, "Daktari, huyu amekufa." Uwanjani anayepiga kelele ana pumzi. Mtafuteni aliyenyamaza. Damu inayobubujika kwanza, njia ya hewa baadaye. Mkanda wa kubana damu mtajifunza kuufunga gizani kwa kupapasa, na saa ya kuufunga mtaiandika palipo wazi, hata kwenye paji la uso.

Mtaulizwa pia nani atibiwe kwanza. Larrey, daktari wa upasuaji wa majeshi ya Napoleon, alishikilia kwamba anayetangulia ni aliyeumia zaidi, awe jenerali au kuruta. Mkataba wa kwanza wa Geneva wa 1949 umelifanya hilo kuwa sheria: ni dharura ya kitabibu pekee inayompa mtu nafasi ya mbele, na majeruhi wa adui yumo. Naomba mlishike hili kwa moyo wote, kwa sababu siku moja aliyelala mbele yenu atakuwa ndiye aliyempiga rafiki yenu.

Wengi huniuliza kuhusu bunduki: tuliapa kuponya, ya nini? Mkataba huohuo unamruhusu mhudumu wa afya kubeba silaha kujilinda mwenyewe na wagonjwa wake bila kupoteza ulinzi wake wa kisheria. Ndiyo maana mtafundishwa shabaha. Na mkono wa kushoto mtavaa kitambaa cheupe chenye alama nyekundu inayomtambulisha mhudumu wa afya. Siku ya kwanza nilipokifunga, nilikikaza, nikakilegeza, nikakikaza tena. Mgonjwa wangu wa kwanza aliangalia kile kitambaa kabla hajaniangalia usoni, akaachia mkono aliokuwa ameukandamiza kwenye jeraha.