Aina za Data katika Maagizo ya Miamala ya Solana

Mabibi na mabwana, waandishi wenzangu wa programu hapa Nairobi,

Kila agizo katika muamala wa Solana, mtandao wa blockchain, lina anwani ya programu itakayolitekeleza, orodha ya akaunti zitakazoguswa, na data, ambayo ni baiti tupu. Katika agizo la kawaida la kuhamisha SOL, sarafu ya Solana, data hiyo ni baiti 12: nne za mwanzo hubeba namba 2, inayolitambulisha agizo lenyewe, na nane zinazofuata hubeba kiasi kwa lamport, kipimo kidogo kabisa cha sarafu hiyo, ambazo 1,000,000,000 ni sawa na SOL 1.

Kiasi hicho ndicho kinachohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Namba ya kawaida ya JavaScript haiaminiki kwa hesabu kamili inapopita 9,007,199,254,740,991, ilhali baiti nane hufika 18,446,744,073,709,551,615. Maktaba yoyote ya JavaScript inayoshughulikia pesa za watu yapasa kutumia BigInt, aina ya namba nzima isiyo na kikomo hicho, iliyoingia rasmi katika lugha hiyo mwaka 2020, na mimi singekubali hapo namba yenye desimali hata kwa majaribio.

Kuhusu akaunti, kila moja huulizwa kama mwenyewe lazima atie saini, na kama yaliyomo yatabadilika. Mtumaji hutia saini na salio lake hubadilika; mpokeaji hatii saini, lakini salio lake pia hubadilika. Solana hutegemea taarifa hiyo kuamua miamala ipi iendeshwe sambamba. Ndiyo maana nashauri majukumu hayo yaandikwe ndani ya aina yenyewe ya agizo, ili kompaila ya TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina za data, imkatalie papo hapo mwandishi aliyesahau mtia saini. Tunapotuma pesa kwa simu tumezoea kuliona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, na aina iliyotungwa vizuri humpa mwandishi nafasi kama hiyo.

Hata hivyo, aina za TypeScript huondolewa zote msimbo unapogeuzwa kuwa JavaScript, na baiti zinazosomwa kutoka mtandaoni hazijui lolote kuhusu aina zetu. Kwa hiyo kisimbuzi, yaani sehemu inayozigeuza baiti kuwa agizo, lazima kihakiki anwani ya programu, kipime urefu wa data na kuikagua namba ya utambulisho kabla ya kurudisha chochote. Kisimbaji, kinachofanya kinyume chake, na kisimbuzi vitokane na ufafanuzi mmoja, na jaribio la kwanza liwe kuyasimba maagizo, kuyasimbua, kisha kuyalinganisha na ya awali.